Kabla ya Kuuza Miti: Neno kwa Vijana Waendao Kusoma Ng'ambo na kwa Wazazi Wao



Mwezi wa Juni mwaka jana nilikuwa Ipelele, huko Makete, juu penye baridi kali, ambako asubuhi sakitu hulala juu ya majani ya viazi kama chumvi iliyomwagika. Nilikwenda kumsaidia padre mwenzangu aliyekuwa mgonjwa. Baada ya Misa, watu walipokuwa wakiota jua ukutani, mzee mmoja alinijia, akavua kofia, akasema: "Kamwene, Padre. Nina karatasi hapa. Wewe uliyesoma seminari kuu, hebu nisomee. Mwanangu amekwisha kunisomea, lakini yeye anaisoma kwa furaha mno."

Karatasi yenyewe ilikuwa barua ya kumkubali mwanawe katika chuo kimoja cha udaktari cha ng'ambo. Ilikuwa na nembo ya kupendeza na mihuri miwili. Kijana huyo alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha hapa nchini, akisomea kazi ya maabara ya hospitali. Wakala mmoja aliyekutana naye mjini alimwambia aache chuo hicho, kwa kuwa huko ng'ambo angepokewa moja kwa moja kwenye udaktari. Tena afanye haraka, maana nafasi ingefungwa baada ya siku 14. Fedha za kwanza zilitakiwa kutumwa kwa simu, kwa namba ya mtu, wala si kwa akaunti ya chuo. Na mzee alikuwa amekwisha kupata mtu wa kununua miti yake.

Wasomaji wa mikoa mingine yafaa waelewe habari ya miti hii. Katika nchi ya Njombe na Makete watu wengi hupanda paini, na shamba la paini ndilo benki ya mkulima. Mtu hupanda mtoto akiwa mdogo, ili mbao zije zimsomeshe akiwa mkubwa. Mti wa paini wataka miaka 15 hivi, au zaidi, ndipo utoe mbao za kufaa. Ukiuzwa kabla ya hapo, mnunuzi hutoa bei ya kuni, naye muuzaji huikubali kwa kuwa ana shida. Miti ya mzee huyu ilikuwa na umri wa miaka minane. Kuiuza wakati ule kulikuwa kama kumchinja ndama kwa ajili ya mchuzi wa siku moja.

Nilimwomba anipe juma moja kabla ya kumjibu mnunuzi. Kijana, ambaye alikuwa amesimama karibu nasi, alinitazama kwa macho ya mtu aliyenyang'anywa kitu. Habari yake nitairudia. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikifikiri juu ya vijana wote wa vyuo vyetu walio na hamu ya kwenda kusoma mbali, na juu ya wazazi wao wanaouza ng'ombe, viwanja na miti, nikaona yafaa niandike.

Kitabu cha Tobiti hakisomwi sana siku hizi, nami nasikitika, maana sijui kitabu kingine katika Maandiko Matakatifu kinachomfaa zaidi mzazi amtumaye mwanawe mbali. Mzee Tobiti, mtu wa haki, alikuwa amehamishwa pamoja na watu wake mpaka Ninawi, na huko akapofuka macho. Katika umaskini wake alikumbuka kwamba zamani aliweka talanta 10 za fedha kwa mtu aitwaye Gabaeli, mjini Rage, katika nchi ya Media. Akaazimu kumtuma Tobia, mwanawe wa pekee, akazilete.

Sasa tazameni jinsi alivyofanya. Alimpa kijana hati ya maandishi, ili asifike kwa Gabaeli na maneno matupu. Akamwambia atafute mtu mwaminifu aijuaye njia, wafuatane. Naye Tobia alipomleta mtu huyo, asijue kwamba ni Malaika Rafaeli, mzee kipofu hakusema, "Haya, nendeni." Alimwuliza: wewe u wa kabila gani, na wa jamaa ya nani? Mgeni alikaribia kuudhika. Akauliza kama mzee atafuta kabila au atafuta mtu wa kazi. Mzee hakuona haya, akauliza mara ya pili. Kisha akataja ujira waziwazi, drakma moja kwa siku pamoja na matumizi ya njiani, akaahidi kuongeza kitu juu yake ikiwa wote wawili watarudi salama. Angalieni neno hili: nyongeza ilikuwa itolewe baada ya kurudi. Mawakala wengi wa siku hizi hutaka yote kabla kijana hajapanda ndege, na akiisha kupanda hawapokei simu tena.

Malaika wa Mungu aliulizwa ukoo wake na mzee kipofu, naye akajibu. Je, wakala wa mjini ni nani hata asiulizwe?

Lakini nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba kwenda ng'ambo ni kubaya. Yeyote asimamaye katika stesheni ya Makambako na kuitazama reli ya TAZARA aone matunda ya safari za namna hiyo. Mwaka 1972, reli hiyo ilipokuwa ingali ikijengwa, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli. Walikwenda mbali sana na nyumbani, kati ya watu ambao lugha yao haikufanana hata kidogo na yetu. Hata hivyo walijua kwa nini wanakwenda. Reli yenye urefu wa kilometa 1,860, toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, ilikuwa ikiwangoja. Serikali zao zilijua wako wapi, chuo kiliwajua, na kazi ilikuwa na jina kabla hawajaanza safari.

Kadhalika Mwalimu Julius Nyerere. Alikuwa akifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, na Padre Richard Walsh wa shirika la Mapadre Weupe ndiye aliyemtia moyo aendelee na masomo. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, huko Scotland; mwaka 1952 akapata shahada yake, akarudi, akawa mwalimu tena, safari hii katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Watu hupenda kuanza habari zake mwaka 1954, TANU ilipozaliwa. Mimi napenda kukaa kidogo pale Pugu. Mtu mwenye shahada ya Edinburgh, wakati Waafrika wa Tanganyika wenye shahada za Ulaya walihesabika kwa vidole, alirudi akashika chaki kama alivyoishika kabla ya kuondoka.

Lakini hapa lazima tuwe wakweli. Mwaka 1949 kijana wa Tanganyika aliyetaka shahada hakuwa na chuo kikuu nchini mwake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kama chuo kidogo tarehe 25 Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wachache, wote wa sheria. Leo tuna vyuo vikuu katika kila pembe ya nchi: Mwanza kuna cha Mtakatifu Agustino, na Bugando wanafundishwa madaktari, Iringa kuna Ruaha, Mbeya, Dodoma, Morogoro, Arusha, Zanzibar, kote watu wanasoma. Hata ng'ambo yenyewe imeanza kutufuata: mwaka 2023 chuo mashuhuri cha teknolojia cha Madras, India, kilifungua tawi lake Zanzibar. Kwa hiyo swali halipaswi kuwa tena lile la 1949. Kijana wa leo yampasa ajiulize: kitu gani kiko kule ambacho hapa hakipo? Akiwa na jibu, na aende kwa amani. Yako masomo ambayo hapa hayajafika mbali, ziko maabara tusizo nazo, wako walimu ambao mtu lazima awafuate walipo. Lakini kama jibu lake ni kwamba jirani amekwenda, au kwamba picha za simu zinaonyesha theluji na majengo marefu, basi huyo hataki masomo. Ataka safari, na safari ina bei nafuu kuliko miti ya baba yake.

Nami niseme wazi maoni yangu, hata kama wengine hawatayapenda. Kwa shahada ya kwanza, kijana asiye na msaada wa masomo uliothibitika ni afadhali asome hapa. Akiisha kuwa na shahada, akaijua kazi yake, akajua upungufu wake uko wapi, ndipo aende akatafute kile kilichopungua. Misaada mingi mizuri, kama ule wa Jumuiya ya Madola uliobuniwa mwaka 1959, ule wa Wajerumani uitwao DAAD na ule wa Waingereza uitwao Chevening, huwatazama hasa watu waliokwisha kupata shahada moja. Nayo haiuzwi. Mtu akidai fedha ili akupatie msaada wa masomo, amekwisha kukuambia yeye ni nani.

Sasa yale ya kuuliza. Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, ndiyo inayotambua shahada za nje zinapoletwa nchini; ndiyo pia inayosajili mawakala wa vyuo vya nje, na hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa mwanafunzi aendaye kusoma huko. Yafaa kuiuliza kabla ya kwenda, maana mtu akiiuliza baada ya miaka mitano ataweza kuambiwa kwamba chuo chake hakitambuliwi, na ile miaka mitano hairudishwi na mtu. Asomaye udaktari, uuguzi, uhandisi au sheria aulize pia baraza au bodi ya kazi hiyo hapa nchini itamtaka nini atakaporudi, kwa sababu shahada peke yake haimpi mtu ruhusa ya kumpasua mgonjwa wala kusimama mahakamani.

Habari ya fedha ndiyo inayodanganya watu zaidi. Wakala husema: "Lipa ada ya muhula wa kwanza tu, hizo nyingine atazipata kwa kufanya kazi za jioni." Chukueni mfano wa Uingereza. Mwanafunzi wa shahada aliyeko huko kwa viza ya masomo haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Kwa saa hizo mtu huweza kusaidia chakula chake. Ada ya mgeni hawezi kuifikia. Tena kabla ya kupewa viza aweza kutakiwa kuonyesha kwamba fedha za ada na za kukaa zimelala katika akaunti siku 28 mfululizo. Ziko jamaa zilizokopa fedha za kuonyesha tu, zikazirudisha siku ya 29, kisha mtoto akafika katika nchi ya baridi akiwa na karatasi nzuri na mfuko mtupu. Huo ni uongo, wapendwa. Umeandikwa kwa jina la mtoto, naye ndiye atakayeulipia peke yake, usiku, katika chumba kisicho na moto.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Mengine yote mtu mwenye busara aweza kuyapata kwa kuuliza ofisini.

Nilisoma na kijana mmoja aliyekuwa na akili kutuzidi wote. Hakuendelea na upadre, akaenda chuo kingine, na baadaye akapata nafasi ng'ambo. Kijiji chake kilichanga. Walifanya sherehe, wakachinja, mwenyekiti wa kijiji akahutubu. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili. Mwaka wa pili simu zikawa za Krismasi na Pasaka. Mwaka wa tatu zikawa hazipo. Sisi tuliobaki tulisema maneno tuliyozoea: amelewa Uzungu, amemsahau mama yake. Mimi pia nilisema hivyo, tena mbele ya watu, na katika mahubiri mara moja nilimtoa mfano wa mtoto asiye na shukrani, ingawa sikutaja jina. Baadaye sana ndipo nilipopata habari. Ada ilimshinda tangu mwaka wa pili, chuo kikamwondoa, naye akaogopa kusema. Kila alipoishika simu alikumbuka ng'ombe waliochinjwa na hotuba ya mwenyekiti. Akaona afadhali aitwe mwasi kuliko aitwe aliyeshindwa. Mama yake alifariki akimngoja. Hakuweza hata kuja kuzika, maana karatasi zake zilikuwa zimekwisha muda, na akitoka asingeweza kurudi.

Nimemwomba radhi kwa barua. Alinijibu kwa upole ulionichoma kuliko angalikasirika.

Sasa rudini tena katika nyumba ya Tobiti. Tobia alipoondoka, mama yake, Ana, alilia. Akamwambia mumewe kwamba fedha isiongezwe juu ya fedha. Heri ipotee iwe fidia ya mtoto, kwa kuwa yale waliyojaliwa na Bwana yaliwatosha kuishi. Wahubiri wengi humpita mama huyu kwa haraka, kana kwamba machozi yake ni udhaifu wa kike. Mimi naona kwamba yeye ndiye aliyesema neno lililo zito kuliko yote katika nyumba ile. Kisha siku zilipopita bila kijana kurudi, alikuwa akitoka kila siku kuitazama njia. Hakuwa akiitazamia fedha. Na mwana mpotevu wa Injili, alipokuwa angali mbali, babaye alimwona. Maana yake alikuwa akitazama. Baba yule hakusubiri kusikia hesabu ya mali iliyoliwa.

Enyi wazazi, mmewahi kumwambia mwanenu neno kama la Ana? Siku ya kuagana twamwambia mengi: usituangushe, ukoo mzima unakutazama, usirudi bila shahada. Tena twayasema kwa mapenzi. Lakini mtoto hubeba maneno hayo kama mzigo ndani ya sanduku, na siku mambo yakiharibika, mzigo huo ndio unaomziba kinywa. Mwambieni, kabla hajaondoka, mbele ya jamaa yote, ili hata mjomba aliyechanga asikie: "Mwanangu, ukishindwa, tuambie. Ukiugua, tuambie. Ukiona umedanganywa, rudi na mkoba mtupu, utakuta ugali na viazi kama ulivyoviacha." Mzazi asiyeweza kusema neno hilo asimpeleke mtoto wake, kwa kuwa bado amtuma akalete fedha tu.

Ndiyo sababu pia sipendi michango ya kijiji kizima na sherehe kubwa za kuaga. Najua ni desturi njema, na umoja wetu ni mali. Lakini kadiri watu wengi wanavyochanga, ndivyo kijana anavyozidi kuwa na watu wengi wa kuwaonea haya. Mchango na ufanyike kimya, na sherehe ingoje siku ya kurudi, kama ile nyongeza ya Tobiti.

Nanyi vijana, msidhani kwamba nawalaumu wazee peke yao. Simu ya mkononi yaweza kupeleka sauti yako nyumbani kwa dakika moja, nawe waitumia kupeleka picha umesimama mbele ya gari la mtu mwingine. Jamaa zako wakiiona hufikiri umeneemeka, wanaanza kukutumia hesabu ya bati na saruji. Nawe washindwa kukanusha picha yako mwenyewe. Waambie ukweli tangu juma la kwanza: chumba ni kidogo, baridi ni kali kuliko ya Ipelele mwezi wa Julai, lugha yaniwia ngumu, mtihani wa kwanza nimepata alama mbaya. Aliyezoea kusema ukweli mdogo hatashindwa kusema ukweli mkubwa utakapokuja.

Fika ukajiandikishe katika ubalozi wetu, au ule unaohudumia nchi uliyomo. Wengi hupuuza, wakidhani ubalozi ni wa wakubwa. Vita vilipoanza Ukraine mwezi Februari 2022, wanafunzi wa Kitanzania walikuwamo humo, na wengine walikwama katika mji wa Sumy mabomu yakianguka. Mwezi Aprili 2023 vita vikazuka Sudan, na serikali ikawatoa wanafunzi wetu kupitia Ethiopia. Katika siku kama hizo, anayejulikana alipo na namba yake ya simu hutafutwa; asiyejulikana hutangatanga. Tafuta pia kanisa mapema, kabla hujawa na shida. Si kwa sababu mapadre wa huko ni bora kuliko wa hapa, bali kwa sababu mgeni yampasa awe na mahali ambapo asipoonekana Jumapili mbili mtu atauliza.

Tena usiweke tumaini lako lote katika kazi uliyoahidiwa, hata ukiwa umefaulu vema. Wangari Maathai alitoka shule ya masista wa Loreto, Limuru, akaenda Marekani mwaka 1960 katika chuo cha masista Wabenedikto cha Mount St. Scholastica, mji wa Atchison, jimbo la Kansas. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1964, kisha ya pili Pittsburgh. Mwaka 1966 akarudi Kenya akiwa na barua mkononi ya kumpa kazi. Alipofika kuripoti aliambiwa kwamba nafasi ile amekwisha kupewa mtu mwingine. Fikirini uchungu wa binti huyo, aliyekaa ng'ambo zaidi ya miaka mitano na kurudi kwa hiari yake! Alitafuta mlango mwingine, akaupata katika idara ya anatomia ya wanyama, na mwaka 1971 akatunukiwa udaktari wa falsafa papo hapo Nairobi, wa kwanza kati ya wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati. Mwaka 1977 alianza ile kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, ambayo kwayo alipewa nishani ya Nobel mwaka 2004. Shahada zake mbili za kwanza zilitoka Marekani, lakini miti ilikuwa ya nyumbani, na akina mama wale alikuwa akiwajua kabla hajaona ndege.

Tobia naye alirudi. Alileta fedha, ndiyo, na mke mwema pia. Lakini kitu kilichomfurahisha babaye kuliko vyote kilikuwa ile nyongo ya samaki aliyemvua katika mto Tigri, akiwa njiani. Aliipaka machoni pa mzee, na mzee akamwona mwanawe. Nyongo ya samaki! Kitu ambacho mtu mwingine angekitupa. Nimewaona waliorudi kutoka ng'ambo na magari, jamaa zao wasipate kuona chochote. Na nimemwona muuguzi mmoja aliyerudi na namna mpya ya kuwatunza watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na wodi yake nzima ikafumbuliwa macho.

Sasa nimalize habari ya Ipelele. Siku ile ile ya Juni tuliketi sisi watatu, mzee, kijana na mimi, tukaandika barua kwa chuo chenyewe, kwa anwani tuliyoitafuta wenyewe, wala si ile iliyoandikwa na wakala. Tuliuliza kama namba iliyo katika barua ya kijana ni yao. Siku ya tisa jibu likaja: chuo kipo, lakini namba hiyo haipo, wala jina la kijana halimo katika orodha yao, na fedha za ada hawazipokei kwa simu ya mtu. Nilidhani kijana atanishukuru. La! Alikaa miezi minne bila kuniamkia. Alisema kwamba mapadre hutaka watoto wa wakulima wabaki wakulima. Sikuwa na jibu jema la kumpa, kwa kuwa kweli wako watu waliotaka hivyo zamani, na yeye hakulitoa neno hilo hewani. Alirudi katika chuo chake, katika maabara yake. Miti ingali mlimani. Nimeipita mwaka huu, imenizidi urefu mara tatu.

Mwezi uliopita simu yangu ililia usiku. Ilikuwa sauti ya yule mzee, na upepo wa Ipelele ukivuma nyuma yake. "Kamwene, Padre," akasema. "Barua nyingine imekuja, ya msaada wa masomo, atakapomaliza shahada hii. Mwanangu anakusalimu. Anasema safari hii amekwisha kuwaandikia chuo mwenyewe, wamemjibu, na ameuliza na kule TCU. Lakini mama yake ana neno lake anataka kumwambia kwanza, na anataka wewe uwepo. Utakuja lini?"